Hamira Iliyogeuka

Walimleta Ambakisye kwa bajaji mchana wa jua kali, miguu ikining'inia nje, udongo wa matofali umemkaukia kwenye nywele. Wenzake wa tanuruni walisema alikuwa akipanga matofali mabichi kama siku zote. Akaomba maji, akanywa. Akaomba tena, akanywa. Mwishowe akaiinamia ndoo yenyewe, kisha akakaa chini taratibu kama mtu anayetaka kutoa mwiba mguuni, na hakuinuka tena.

Dada yake, Daktari Tumpe Mwakatundu, alikuwa chumba cha nyuma cha kituo cha afya akichuja dawa. Alitoka na aproni iliyolowa, akamwinamia mdogo wake usoni kabla hawajamshusha, akanusa. Pumzi ilikuwa na harufu ya ndizi zilizoiva hadi kukaribia kuoza.

"Umechoma sindano leo?"

"Nimechoma, dada." Ulimi ulikuwa mzito. "Na jana nilichoma, nikaona haifanyi kitu, nikachoma tena. Dawa imeacha kunisikia."

Hakuna mtu mzima pale Lugombo asiyeijua harufu ile. Ilikuwa harufu ya miaka ambayo insulini ilikuja kwa ndege, imelazwa kwenye barafu kama samaki, ikakatika kila mvua ilipoifunga barabara. Halafu viwanda vya ng'ambo vikaacha kutengeneza ile ya watu wa kawaida, na watoto wenye kisukari wa nyanda za juu wakawa wanazikwa kama mahindi yaliyopigwa na baridi. Tumpe alikuwa mwanafunzi wa chuo wakati huo, na Ambakisye alikuwa mvulana aliyekonda mpaka mashavu yakaingia ndani. Dada mtu hakulala. Aliichukua hamira, kile kidudu kisichoonekana kinachoumua maandazi, akaifundisha kutengeneza insulini ya binadamu, akaitia kwenye mtungi wa udongo na kuilisha maji ya ndizi mbivu. Ikachachuka, ikatoa povu, akalichuja kwa mkaa na kauri. Aliposita na sindano mkononi, Ambakisye ndiye aliyepandisha shati mwenyewe. "Nichome, dada. Kwani nina nini cha kupoteza?"

Ndivyo ilivyoanza. Mtungi haukutaka umeme wala meli. Mgonjwa alileta ndizi zake na chupa yake, basi. Kila zahanati ya milimani ikapata mtungi, na mtungi wa zahanati moja ukidhoofika, walikwenda kuazima hamira kwa jirani kama watu wanavyoazimana moto. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona ubaya wa kuazima.

Tumpe alimtundikia mdogo wake dripu ya maji ya chumvi, akamchoma dawa. Akapima sukari. Akamchoma tena, kipimo ambacho kingemwangusha ng'ombe, akapima. Sukari ilikaa palepale, haikutikisika. Ambakisye hakuwa wa kwanza. Tangu mvua zianze alikuwa amewapoteza wagonjwa namna hiyo, watu wa miaka mingi kwenye dawa, na kila mara alijiambia kwamba ni chupa iliyokaa juani, ni mgonjwa aliyeruka sindano. Huyu hakuwa wa kuruka sindano. Huyu alimjua.

Asubuhi yake maji ya chumvi yalimrudishia Ambakisye fahamu kidogo. Akaomba wali, na Tumpe akamlisha kwa kijiko.

"Ni hamira, siyo?" akauliza.

"Sijui bado."

"Unajua." Alitabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Sikulaumu, dada. Nimeoa. Nimewazika baba na mama kwa mikono yangu. Nusu ya nyumba unazoziona pale ni matofali yangu. Bila mtungi wako nisingefika hata kuota ndevu."

Tumpe alikusanya punje za wali zilizoanguka kwenye shuka, moja moja, asimtazame. Alifikiri ameshamaliza kusema. Lakini Ambakisye alimshika mkono, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ile sauti ya mvulana wa zamani.

"Lakini sitaki kufa, dada. Usidhani kwamba nataka."

Alikufa alasiri hiyo, mke wake akiwa bado njiani na nguo safi.

*

Baada ya matanga Tumpe alirudi maabara, chumba chenye meza moja na dirisha linalotazama mashamba ya chai, akafunga mlango.

Alikuwa amehifadhi damu ya mdogo wake. Aliyachukua yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikitulia, akayatia kwenye mrija wa kioo, akaongeza tone la dawa ya mtungi. Yakageuka meupe mbele ya macho yake, kama maji ya kuoshea mchele. Maana yake mwili wa Ambakisye ulikuwa umejaa askari, na kila dawa ilipoingia, askari waliikamata kabla haijafanya kazi.

Kwa nini waikamate? Jibu alilipata baada ya kuichambua hamira yenyewe. Mahali fulani, katika mtungi fulani, miaka fulani iliyopita, hamira ilikuwa imegeuka. Insulini iliyotoka humo ilikuwa na kijikonyo kidogo pembeni ambacho insulini ya binadamu haina. Sukari ilishuka nayo vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini mwili una macho yake. Ulimwona yule mgeni kila asubuhi na kila jioni, mwaka hadi mwaka, ukajifunza kumchukia polepole, hadi siku ukamfungia mlango.

Tumpe alikuwa na akiba. Hamira ya kwanza kabisa, ile aliyoitengeneza kwa mikono yake, aliikausha juu ya mchanga na kuifungia katika kichupa cha kioo kilichoyeyushwa mdomo. Alikivunja, akaiamsha, akapata insulini safi kiasi cha kujaribia. Alitia tone moja kwenye damu ya Ambakisye.

Yakageuka meupe vilevile.

Alikaa chini. Askari wa mwili, wakishamchukia mgeni, hawamtofautishi tena na ndugu aliyefanana naye. Hata angempa mdogo wake dawa safi siku ile, hata ndege ingetua uwanjani na insulini ya matajiri, isingemsaidia.

Wiki zilizofuata aliwaomba wagonjwa wote waliokuja kuchukua dawa wamwachie damu kidogo. Wingu lilikuwa jepesi kwa mmoja, zito kwa mwingine, lakini lilikuwepo karibu kwa kila mtu. Ni ndugu waliowasindikiza tu, wale wasiowahi kuigusa dawa, ambao damu yao ilibaki angavu.

Alijaribu kuikuza hamira safi ichukue nafasi ya ile iliyogeuka. Aliyeyusha nta kwenye nyufa za dirisha, akachemsha kila chombo, akanawa mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Haikusaidia. Hamira iliyogeuka ilikuwa imara kuliko mama yake, na ilikuwa kila mahali: kwenye maganda ya ndizi, kwenye miguu ya vile vijiinzi vya matunda, kwenye kuta, kwenye nywele zake mwenyewe. Mtungi safi uliumuka siku chache, kisha akiupima alikuta ndani yake imekaa ile iliyogeuka. Milima yote ilikuwa yake.

Ilibaki sehemu moja tu ya kuikuzia hamira safi: mahali ambapo mtungi haujawahi kufika.

*

"Umemwambia nani mwingine?" aliuliza Daktari Gwamaka Mwasomola.

Gwamaka alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Tiba la Milimani, mzee mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Ndiye aliyempa Tumpe maabara wakati wengine walimwita mpika pombe. Walikuwa wawili ofisini, mvua ikigonga mabati, ikabidi wasogezeane viti ili wasikizane.

"Sijamwambia mtu. Nimekuja kwako kwanza."

"Umefanya vema. Habari hii ibaki hapa."

"Baba, watu wanachoma kitu kitakachowaua."

"Na wasipochoma?"

Jibu walilijua wote wawili.

"Wasipochoma wanakufa wiki hii," Gwamaka alisema. "Wakichoma, wanakufa baada ya miaka kumi, wengine kumi na tano. Mimi nilikuwa daktari kabla ya mtungi wako, binti yangu. Nilikuwa natoka wodini na kitanda kimelowa machozi ya mama, naingia wodi nyingine nakuta mama mwingine. Leo hao watoto wana watoto. Ukitangaza unachotaka kutangaza, kesho asubuhi watu watavunja mitungi, na keshokutwa nitachimba makaburi ya kijiji kizima. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Ninachotaka ni mtoto mpya asianzishwe dawa hii bila wazazi wake kujua. Damu ya mtoto mpya ni angavu. Akipata dawa safi tangu siku ya kwanza, anaweza kuzeeka."

"Dawa safi iko wapi?"

Akamweleza. Kule chini, nyika ya Usangu, kuna joto na vumbi, hakuna migomba, na hakuna zahanati iliyowahi kuazima mtungi. Palikuwa na muuguzi mstaafu, Bi. Zaina Kihwele, mwenye nyumba ya tope kavu mbali na njia. Alikuwa tayari kuipokea hamira safi na kuilisha kwa maji ya mtama ulioota. Lakini mtu wa milimani asikanyage pale. Mtoto mgonjwa angepokelewa peke yake, baada ya kunyolewa, kuogeshwa kwa dawa na kukaa hemani siku za kutosha, nguo zake zikiwa zimechomwa moto. Hakuna kutembelewa. Kila mgeni kutoka juu angekuwa kama kibiriti ndani ya nyumba ya nyasi.

"Na hiyo safi haitageuka?" Gwamaka akauliza.

"Siku moja itageuka. Ila safari hii tutakuwa tunaitazama."

Mzee alifikicha macho kwa viganja. Mwishowe alikubali nusu. Nyumba ya Usangu ifunguliwe. Kwa wazazi wa watoto wapya isemwe kwamba ni shule ya bweni kwa watoto wenye kisukari, yenye hewa nzuri. Kuhusu hamira, kimya.

"Siwezi kumnyang'anya mama mtoto wake kwa uongo," Tumpe alisema.

"Basi mwambie ukweli, uone kama atakupa." Gwamaka alisimama, akachungulia mvua. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kuwa sahihi.

*

Hamira safi iliteremshwa Usangu ndani ya kioo kilichofungwa, na baada ya majuma kadhaa Bi. Zaina akapeleka habari kwa redio ya mawasiliano kwamba inatoa povu. Dereva wa lori la chumvi alileta chupa chache za kwanza, zimechujwa, hazina kitu hai ndani. Tumpe aliziweka kwenye chungu cha maji ya baridi chini ya meza. Zilikuwa za kumvusha mtoto wa kwanza, atakapokuja, siku za safari na za hemani; dawa haikai na lori lilipanda kwa nadra, kwa hiyo hazingeweza kumtunza mtoto huku juu.

Mtoto wa kwanza alikuja kabla ya mwezi kuandama. Aliitwa Lugano, msichana wa darasa la kwanza mwenye pengo la meno ya mbele. Alikuwa amebebwa mgongoni na mama yake, Tusekile, mshonaji wa sare za shule pale pale Lugombo. Tusekile hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa na kisukari tangu usichana wake, na alikuwa miongoni mwa wale waliokua kwa dawa ya mtungi.

"Amekojoa kitandani," alisema. "Mara ya kwanza nikamchapa, daktari. Nimemchapa mwanangu."

"Hukujua, mama Lugano."

"Nilijua. Nilikataa kujua."

Tumpe alimchoma mtoto dawa safi. Kufikia jioni Lugano alikuwa amekaa kitandani anaomba mkate. Siku ya pili alikuwa anawahesabia wagonjwa wengine meno yake yaliyobaki. Siku hiyo Tumpe alimwita Tusekile maabara, akampa kiti, akamwambia yote: habari za Ambakisye, kijikonyo, askari wa mwili, na Usangu. Hakupunguza chochote. Aliona ni heshima pekee aliyobaki nayo kumpa.

Tusekile alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alipomaliza kusikiliza aliuliza kwanza habari zake mwenyewe.

"Na damu yangu mliyochukua, ilisemaje?"

"Ina wingu."

"Zito?"

"Si jepesi."

"Miaka?"

"Sijui, mama. Labda miwili. Labda minne. Nikisema zaidi nitakuwa nakufariji tu."

Tusekile alitikisa kichwa, kama fundi aliyepewa kipimo cha kitambaa akaona hakitoshi gauni. "Kwa hiyo Lugano akienda huko, ataishi."

"Ana nafasi nzuri ya kuishi. Ya kuwa mtu mzima. Ya kuzeeka."

"Na mimi nikimfuata?"

"Huko hakuna mtungi, na dawa ya kubeba haikai. Utakufa kabla mwezi haujaisha. Na dawa safi haikufai tena."

"Nikae hemani nimwone kwa mbali?"

"Hapana. Hata kwa mbali hawaruhusu."

"Kwa hiyo ni kumzika akiwa hai," Tusekile alisema. "Ama yeye anizike mimi nikiwa hai. Moja kati ya hayo."

Tumpe alimwambia kwamba chupa zilizoko zingetosha hadi mwisho wa juma. Kabla hazijaisha, mtoto awe njiani. Tusekile alishukuru, jambo lililomuumiza Tumpe kuliko matusi ambayo angetukanwa. Alikwenda akalala chini ya kitanda cha mwanawe, kwenye mkeka, kama walivyofanya wauguzaji wote.

Siku hizo Tumpe aliwatazama. Aliona mama akimsuka mtoto nywele, akizifumua, akizisuka upya. Aliona mtoto akifundishwa kujichoma mwenyewe kwenye paja, akilia, akicheka. Mara moja alimsikia Lugano akiuliza, "Mama, huko kwa bibi Zaina wewe utakuja lini?" na Tusekile akajibu, "Kula kwanza." Tumpe alifikiri, basi atampeleka. Akaanza hata kutafuta lori.

Asubuhi ya chupa ya mwisho Tusekile aliingia maabara bila kubisha hodi. Alikuwa amejifunga khanga ya safari, na moyo wa Tumpe uliruka kwa furaha. Lakini mtoto alikuwa naye mkononi, amevaa sare ya shule.

"Mchome ya mtungi," Tusekile alisema.

"Mama Lugano—"

"Nimefikiri, daktari. Usidhani sikufikiri. Baba yake alikwenda migodini hakurudi. Mama yangu hayupo. Nikimpeleka, atakua kwa watu asiowajua, atanisahau sura, na mimi nitakufa hapa nikiita jina lake ukutani. Nikimbakiza, nitakuwa naye mpaka siku yangu. Baada ya hapo atakuwa na miaka yake iliyobaki, na atajua alikuwa na mama."

"Ni mtoto. Hajachagua yeye."

"Nani aliyemchagulia Ambakisye?"

Tumpe alihisi uso ukimwaka. "Ambakisye hakujua, na mimi sikujua. Wewe unajua! Mama, unanitaka nimtie mtoto mwenye damu angavu kitu ambacho najua kitamfungia mlango. Nikishamchoma hiyo wiki chache, hakuna kurudi. Hata ukibadili nia, Usangu haitamfaa tena."

"Kwa hiyo utakataa?"

Hapo ndipo palipokuwa penyewe. Angeweza kukataa. Angeweza kufunga mlango, kumwacha mtoto aanze kunuka ndizi, na ifikapo jioni mama angemkabidhi kwa yeyote, hata kwa shetani. Angeweza kutumia pumzi ya mtoto kama kamba ya kumvuta mama. Lugano angezeeka, angekuwa na wajukuu, na Tumpe angekuwa ameshinda. Alilifikiria hilo kwa makini, akiutazama uso wa mtoto ulioanza kurudiwa na mashavu, na kwa kitambo alikuwa ameamua kukataa kabisa.

"Daktari," Lugano alisema, "kwani mama amekosa nini?"

"Hajakosa, mwanangu."

"Basi usimgombeze."

Tusekile hakulia. Alisimama tu, akisubiri, na Tumpe aligundua kwamba hakuwa na neno hata moja la kumwambia mwanamke huyu ambalo hakuwa ameshajiambia mwenyewe sakafuni, chini ya kile kitanda. Angemlazimisha mmoja leo, na kesho angemlazimisha mwingine, na baada ya muda asingekuwa tena daktari wa watu hawa, angekuwa mtu wanayemficha watoto.

Aliijaza sindano kutoka kwenye chupa ya mtungi. Alimchoma.

*

Tusekile hakuyaweka moyoni. Alipotoka alisimama barazani, mbele ya foleni ya watu wenye chupa zao na ndizi zao, akawaambia alichoambiwa. Alisema taratibu, bila kupaza sauti, kama anayetangaza msiba. Tumpe alikuwa mlangoni. Alingojea kelele. Alingojea jiwe la kwanza kwenye mtungi, yale yote ambayo Gwamaka alimwonya, na ndani yake kulikuwa na kipande kilichotamani yatokee.

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja aliketi chini akajifunika uso. Mwanamume wa makamo, mpanda farasi wa posta ya milimani, alisogea mpaka mlangoni akavua kofia.

"Daktari, ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Ipo dawa nyingine?"

"Kwa ninyi mlioitumia hii, hapana."

Alifikiri. "Hii ya leo ipo?"

"Ipo."

"Basi nipe, maana nina safari."

Akampa. Nyuma yake foleni ikasogea hatua, na nyingine, na kabla ya adhuhuri dawa ilikuwa imekwisha mtungini kama siku yoyote. Hakuna kilichovunjwa. Jioni hiyo Gwamaka alikuja, akasimulia kwamba habari zimeshafika vijiji vya ng'ambo ya mto, na huko nako watu wameuliza maswali, wamelia, na wamepanga foleni. Hakumkaripia. Walikaa kwenye benchi la wagonjwa wakaangalia ukungu ukishuka kwenye chai.

"Nilidhani naogopa kwamba wataitupa dawa," Tumpe alisema. "Au kwamba hawataitupa. Sijui nilidhani nini."

"Mtu mwenye kiu hamwagi maji kwa sababu yana tope," Gwamaka alisema, kisha akaonekana kuona aibu, kana kwamba methali ilikuwa chakula kibaya cha kumpa mfiwa.

Miezi ilipita. Watoto wengine waligunduliwa. Tumpe aliwaambia wazazi wote ukweli, kila mara kwenye kiti kile kile. Mmoja alimkimbiza mtoto kwa mganga, akamrudisha akiwa maiti. Baba mmoja alikubali kumpeleka mwanawe Usangu, akafika naye hadi mteremko ambapo joto linaanza, akageuza. Wengine hawakufika hata hapo. Kule chini, Bi. Zaina aliichuja hamira kila siku, na kila siku aliimwaga dawa mchangani, kwa sababu haikai na hapakuwa na wa kuichoma. Baraza lilianza kuuliza nyumba ile ina faida gani.

Siku moja ya kiangazi, wakati Tusekile amemleta Lugano kupimwa uzito, redio iliyoko juu ya kabati iliita. Ilikuwa sauti ya Bi. Zaina, ikikatika kwa upepo.

"Tumpe, mwanangu, unanisikia? Nimepata mtoto!"

Tumpe aliruka, akaishika redio kwa mikono miwili. "Wa nani? Kutoka kijiji gani cha huku?"

"Si wa huko. Ni wa hapa hapa nyikani, wa wafugaji. Amekuja amezimia juu ya punda. Hawajawahi hata kuusikia mtungi wenu. Nimemchoma jana, leo amekunywa maziwa, amekaa, ananipiga mateke! Damu yake ni angavu kama maji ya kisima."

Tumpe alifunga macho. Mmoja, alijiambia. Angalau mmoja.

Nyuma yake Tusekile alikuwa amesimama, na mizani ya uzito ilikuwa bado inayumba. Alisogea karibu na redio. Hakuwa amewahi kuisemea kabla.

"Bibi," alisema, "na mama yake mtoto yuko wapi?"

Upepo ulivuma kidogo kule Usangu kabla jibu halijapanda.

"Si huyu hapa? Amekaa naye. Amempakata tangu jana, hataki hata nimshikie."

Redio ilinyamaza. Tumpe hakuthubutu kugeuka. Alisikia tu mtoto akishuka kwenye mizani, na viatu vyake vya plastiki vikigonga sakafu, na kitambaa kikikunjwa polepole, mkunjo juu ya mkunjo. Alipogeuka mwishowe, Tusekile alikuwa ameupandisha mkono wa gauni la mwanawe mpaka begani, akiwa ameushika imara.

"Mchome ya mtungi, daktari," alisema. "Saa yake imefika."